Naomba ushauri: intaneti ya mkutano wetu wa kwanza Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Tunaandaa mkutano wetu wa kwanza wa watengeneza tovuti hapa Lamu, siku mbili, watu 60. Wageni watashukia Manda au Mokowe, kisha wapande boti. Ukumbi tumepata, chumba cha chini cha nyumba ya kale, kuta nene za matumbawe. Hapo ndipo nilipokwama: ndani ukurasa mmoja ulichukua dakika nzima kufunguka, nilipopanda darini ulifunguka papo hapo. Modemu za mitandao miwili nimejaribu, hali ni ile ile. Mafunzo ni ya vitendo, na inaniuma mtu avuke bahari aje kutazama duara likizunguka.

Je, niweke modemu darini niteremshe waya hadi chini, au wakufunzi waje na mazoezi yasiyohitaji intaneti? Na waya wa mita 20 utatosha kwa watu wote hao?