Muhogo wenye kinga ya RNA: tunapinga nini hasa?

Mleta mada (Kabete)
Wadau, mjadala wa GMO (mimea iliyobadilishwa jeni) hapa Nairobi umegeuka kelele za sumu na saratani, na muhogo umetiwa kapu moja na mahindi ya kuua viwavi. Ni vitu viwili tofauti. Muhogo uitwao 4046, kazi ya taasisi za utafiti wa kilimo, KALRO yetu na NARO ya Uganda, pamoja na kituo cha Donald Danforth cha Marekani, uliidhinishwa hapa Juni 2021 ili uendelee na majaribio ya mashambani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku ya GMO ya 2012, na tangu hapo ni kesi juu ya kesi, hadi Mahakama ya Rufaa. Ni wangapi kati yetu wanajua muhogo wenyewe una nini ndani?

Adui wake ni ugonjwa wa virusi uitwao michirizi ya kahawia. Shamba unaliona la kijani, ukichimba unakuta mizizi ina mabaka makavu ya kahawia, haifai kuchemshwa wala kusagwa. Nzi weupe hueneza virusi hivyo, nasi wenyewe tunamalizia kazi kwa kupeana vipando vyenye ugonjwa.

Sasa, mmea hauna damu ya kubeba kinga. Virusi vya michirizi hubeba jeni zao kwenye RNA, uzi wa kemikali wenye maelekezo ya kujizalisha, na vinapojizalisha, RNA hiyo hupitia hali ya nyuzi mbili zilizoshikana. Hapo mmea hushtuka. Kimeng'enya kiitwacho Daisa huikatakata vipande vya nyukleotidi (tuseme herufi za RNA) 21 hadi 24. Protini ya Agonauti huchukua kipande kimoja na kuzunguka nacho kama askari mwenye picha ya mshukiwa: RNA yoyote inayolingana nacho inakatwa. Vipande hivyo huhama seli hadi seli, kisha husafiri kwenye mishipa ya chakula, hivyo jani changa linaweza kupata onyo kabla virusi havijalifikia. Hamilton na Baulcombe ndio waliovionyesha kwenye mimea, Uingereza, 1999. Mimea yenyewe imekuwa ikifanya hivyo tangu enzi na enzi.

Mbona basi muhogo unaugua? Kwa sababu virusi navyo vina protini za kuvuruga kinga hiyo. Hivi vya michirizi hutumia iitwayo P1. Ni mbio, na kwa kawaida mmea huchelewa kuanza. Kwenye 4046 wametia vipande vya jeni ya ganda la aina zote mbili za virusi vya michirizi, vikapangwa ili RNA yake ijikunje iwe nyuzi mbili. Mmea unakuwa na RNA ndogo tayari, kabla nzi hajatua. Hapo haitengenezwi protini yoyote ya virusi.

Msimamo wangu: upandwe.

Asiyeshawishika
Maelezo matamu, ndugu. Lakini RNA hizo zikiingia tumboni mwa mtoto wangu?

Mleta mada
Zinaingia kila siku. Sukuma wiki ina RNA ndogo, maharagwe pia. Na muhogo mgonjwa unaouziwa leo sokoni tayari una RNA ndogo zilizokatwa kutoka kwa virusi hivyo hivyo. Kama ni hizo zinakutisha, ulishakula.

Asiyeshawishika
Sawa, tuseme hivyo. Je, virusi vikibadilika? Picha ya mshukiwa haina maana akibadili sura.

Mleta mada
Hilo ni swali zuri kuliko la saratani. Kinga hii inategemea ulinganifu, kwa hiyo virusi vikitofautiana sana inaweza kupwaya. Ndiyo maana walilenga aina zote mbili za virusi. Papai la Hawaii lilitolewa kwa wakulima 1998 kwa kinga ya namna hii na likaokoa kilimo cha papai kule, lakini lilitengenezwa dhidi ya virusi vya kule. Na asidanganyike mtu: 4046 unalenga michirizi. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, ni virusi vingine kabisa, vya DNA, na vinataka dawa yake.

Mkulima wa simu
Tanzania wana aina ya muhogo iitwayo Kiroba, inavumilia michirizi bila maabara ya jeni. Kwa nini tusipande hiyo tukanyamaza?

Mleta mada
Ipande, hakuna anayekukataza. Ila kuvumilia si kukinga. Kiroba huambukizwa, mizizi ikapona kwa kiasi, na kipando chake kinapeleka virusi kwa jirani.

Mama Karai (Umoja)
Nyinyi wasomi, mimi nakaanga mihogo. Wateja wangu wanataka Kibandameno, ule wa kwetu Pwani, mtamu na laini. Na ndio huo unaoliwa na michirizi kuliko yote. Nikinunua gunia, kuna siku natupa robo yake. Kinga mnayosema mmeitia kwa Kibandameno au kwa muhogo ambao hakuna mtu anautaka?

Mleta mada
Mama, 4046 umetokana na aina ya TME 204. Kuipeleka kinga kwenye aina nyingine ni kazi ya kuzalisha, msimu baada ya msimu.

Wakili wa kijiji
Mama Karai amegusa penyewe. Mimi sina shida na Daisa. Shida yangu ni kipando. Mbegu ya muhogo hainunuliwi dukani. Unakata mti, unampa shemeji. Sheria ya mbegu iliyorekebishwa 2012 ilibana kupeana mbegu zisizoidhinishwa, na wakulima walienda mahakamani kuipinga. Wenye mradi wanasema hakuna mrabaha, yaani malipo kwa waliobuni mbegu. Vizuri, iandikwe: mkulima wa Busia au Kwale akate, agawe, asiulizwe. Na KALRO iseme ni nani atazalisha vipando safi, wapi, na kwa fedha za nani.

Mleta mada
Naunga mkono hilo la kuandikwa. Silo la kungoja kesi zote ziishe ndipo majaribio yaendelee.

Wakili wa kijiji
Na mimi sitaki kipando kianze kugawiwa kabla hayo hayajaandikwa. Hapo ndipo tunapopishana, mimi na wewe.