Binti yangu ataka kusomea bahari. Kazi yenyewe ikoje?

Fundi_Mtongwe
Assalam aleikum wenzangu. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Mtongwe. Kifungua mimba wangu amemaliza kidato cha nne, na maksi zake za baiolojia na kemia si haba. Sasa ameshikilia uzi mmoja tu, sayansi ya bahari. Mamake ataka awe muuguzi, maana hospitali hazifungwi. Watu wa utafiti nawaona wakipita na ndoo na miwani ya kuzamia, lakini mchana kutwa hufanya nini hasa, na mshahara hutoka wapi? Tena huyu wangu maji yakifika kiunoni, husimama hapo hapo.

Bamvua
Waaleikum salaam, baba. Hiyo ndiyo kazi yangu, nikueleze ilivyo.

Kuzamia ni kidogo. Kwingi ni kukaa dikoni, wanaposhushia samaki wavuvi, kungoja vyombo viingie, na ubao wa kupimia, mizani ya kuning'iniza na daftari lisilolowa. Lema, yaani mtego wa samaki, likimwagwa unatenga upesi: tafi huku, changu huku, pono kule. Mmoja mmoja unamlaza ubaoni, mdomo uguse kichwa cha ubao, unasoma urefu kwa sauti, mwenzako aandike. Upesi, kwa sababu mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, keshasimama na beseni lake na mchuuzi hajazima pikipiki. Tafi naye miiba yake ina sumu, akikudunga utamkumbuka hadi jioni. Na ukitaka kumpasua samaki uone mayai yamekomaa kiasi gani, mnunue! Hakuna cha bure kwa ajili ya sayansi. Kichwani mwake mna vijiwe vidogo vya sikio. Vijiwe hivyo hupelekwa maabara, vikakatwa, na miviringo yake ikahesabiwa chini ya hadubini kujua umri. Shingo inauma, lakini hivyo ndivyo tunavyojua kama samaki wanavuliwa kabla hawajazaa hata mara moja.

Saa za kazi hupangwa na mwezi. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yetu hapa hupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, na hapo ndipo tunapoingia mwambani, kwenye majani ya bahari na mikokoni. Iwe sikukuu, iwe harusi ya binamu, maji hayakungoji. Kusi likichacha, Juni na Julai, tunajifungia na kompyuta kusafisha takwimu na kuandika ripoti. Wengi waliokuja kwa mapenzi ya bahari huchokea hapo.

Mshahara sasa. Wachache wako serikalini, kwa mfano KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, iliyoanzishwa 1979 na makao yake yako hapo Mkomani. Wengi tuko kwenye miradi: mkataba wa mwaka mmoja au miwili, fedha za mfadhili zikiisha unaanza kuandika maombi upya. Kuna mradi nilifanya kazi miezi kadhaa malipo yamekwama, nikaishi kwa mkopo wa dada yangu. Kwa hili mamake hajakosea, muuguzi ana uhakika zaidi.

Kuogelea atafundishwa. Kinachowashinda wengi ni kuongea na wavuvi. Juya, wavu wa kukokota hadi ufukweni, lilipigwa marufuku 2001, na hadi leo ukitokea diko geni na daftari, mwenye juya anakuona afisa na kukutajia nusu ya alichopata. Binti wa Mtongwe anayejua kuamkia wazee na kumtaja kila samaki kwa jina lake keshapiga hatua. Mambo ya digrii, aulizie Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapa hapa mjini.

Mzee_wa_Gazi
Mwanangu Bamvua, umesema kweli, ila umeruka moja. Mnakuja mnatupimia samaki, maswali hadi magharibi, kisha majibu yanasomwa Nairobi na Ulaya. Sisi Gazi matunda tumeyaona kwenye mikoko. Mikoko Pamoja, mradi wetu wa kutunza mikoko na kuuza kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo, ulianza 2013, na pesa zimeingia kwenye maji na shule. Lakini wale waliokuja kupima miti walikaa nasi barazani wakanywa kahawa. Wengine hata sura zao sizikumbuki.

Bamvua
Shikamoo mzee. Sina la kukupinga. Siku hizi nikimaliza narudi na takwimu kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, tunakaa chini ya mti dikoni nazisoma. Siku hiyo bajeti za miradi huwa haziihesabu, naichomeka kwenye safari nyingine. Mara ya kwanza nilieleza kwa michoro kwamba samaki wa mwambani wamepungua. Mzee mmoja akaniambia hilo analijua tangu matumbawe yalipopauka ile El Niño ya 1998, akataka kujua nimelipwa kiasi gani kuligundua.

Mzee_wa_Gazi
Hahaha! Huyo namjua, nadhani.

Fundi_Mtongwe
Ahsanteni sana. Nimemsomea mamake yote. Ameuliza moja tu: hiyo mikataba ina bima ya hospitali?

Bamvua
Mingine inayo, mingine haina. Asome kabla ya kutia sahihi. Na bamvua ijayo mlete binti Mkomani, tutakuwa na wanafunzi. Avae viatu vya kufunga, mwamba unakata.