Emmanuil Xanthos na Filiki Eteria: alikuwa mwanzilishi kweli?

Swali: Wakuu, naona Filiki Eteria, chama cha siri cha Wagiriki cha kupigania uhuru kutoka kwa Waosmani, inatajwa kuwa na waanzilishi watatu, Skoufas, Tsakalov na Xanthos, Odessa (wakati huo mji wa Urusi), 1814. Mbona wengine wanamtoa Xanthos na kumweka Anagnostopoulos, mwanachama mwingine wa mwanzo?

Jibu: Huo ni ugomvi wa zamani. Kitabu cha Filimon, mwanahistoria wa Kigiriki, cha 1834 kilimshusha Xanthos, kwa kuegemea sana maelezo ya Anagnostopoulos. Xanthos akajibu kwa kumbukumbu zake za 1845. Kwa hiyo ukisoma upande mmoja tu utapotea. Wanahistoria wengi leo wanabaki na wale watatu.

Jibu: Naongezea. Xanthos alizaliwa Patmos, akawa karani wa wafanyabiashara, na kabla ya 1814 alishajiunga na Wamasoni (Freemasons, udugu wa siri wenye viapo na ngazi) huko kisiwa cha Lefkada. Ndiyo maana chama kilikuwa na viapo, ngazi na maandishi ya mafumbo. Aliye ngazi ya "kuhani" ndiye aliyeruhusiwa kuingiza wapya. Uongozi wa juu uliitwa Mamlaka Isiyoonekana, na wanachama wengi walidhani nyuma yake yuko mfalme wa Urusi. Hayuko! Siri hiyo ilivuta watu, lakini ilihitaji jina kubwa la kuishikilia.

Muulizaji: Na jina lilipatikanaje?

Jibu: Skoufas alifariki 1818. Mwaka 1820 Xanthos alikwenda St. Petersburg kumwomba Kapodistrias, Mgiriki aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Urusi, aongoze, naye akakataa. Xanthos akamwendea Alexandros Ypsilantis, Mgiriki aliyekuwa jenerali katika jeshi la Urusi, naye akakubali Aprili mwaka huohuo.