Amenisaili mara tatu mwenyewe, leo kanipokea kama fundi wa skrini!

Boksi Mkononi (mleta mada):

Wakuu, naandika nikiwa kwenye ngazi za dharura, maana ndiyo sehemu pekee ya jengo hili jipya ambayo mlango wake haujaikataa kadi yangu. Mikono bado inatetemeka.

Yule mtu mnamjua, simtaji. Kama umewahi kufanya kazi kwenye kampuni kubwa ya teknolojia, unamjua. Kikao hakianzi mpaka afike, na akifika hakiishi. Yeye ndiye aliyenifuata nihamie timu yake. Kanisaili mara tatu. MARA TATU! Wa kwanza saa nzima tunatazamana, wa pili kanichorisha mfumo mzima ubaoni mpaka kalamu ikakauka, wa tatu akaniambia nikichelewa kuja timu itakufa. Nikaaga watu niliokaa nao miaka minne, watu ambao nikikohoa tu wanajua ni seva gani imeanguka. Nikabeba boksi langu.

Leo asubuhi nimefika. Ghorofa zima halina ukuta hata mmoja, meza zimeenda mpaka upeo wa macho. Nimesimama na boksi, kibodi imechomoza juu, kadi ipo shingoni na jina langu kwa herufi kubwa. Namwona anakuja. Anatabasamu kabisa. Nikajua basi, nimefika nyumbani. Akanyoosha kidole kwenye skrini kubwa ya kikao na kusema, mbele ya watu kumi na wanne:

"Afadhali umefika. Ni hii hapa, haiwaki tangu Ijumaa."

Wakuu. HAIWAKI TANGU IJUMAA.

Nilidhani ni utani. Akaniuliza, "Ngazi hujaja nayo?"

Sijamaliza. Ruhusa zangu zote za mifumo ya timu ya zamani zimefutwa saa sita kamili usiku, sekunde haikuongezwa. Za timu mpya zinasubiri mtu wa kuziidhinisha. Nani? Huyo huyo! Kwa hiyo nina kompyuta inayoweza kufungua kalenda tu, na kwenye kalenda kuna vikao vyake. Meza niliyopewa ina stika ya jina la mtu mwingine, nimeikwangua kwa kucha imetoka nusu, gundi inanata mkononi kila nikisogeza kipanya. Droo imefungwa na funguo hana mtu.

Hayo yote ningeyameza. Lakini haiwaki tangu Ijumaa? Mimi? Niliyemchorea mfumo mzima mpaka kalamu ikakauka?

Siti ya Mbele: Natia kambi hapa.

Mzee wa Seva: Pole sana mkuu. Swali moja tu, skrini iliwaka?

Boksi Mkononi: Katika yote niliyoandika, hilo ndilo umeliona?

Mzee wa Seva: Jibu swali.

Boksi Mkononi: Iliwaka. Waya ulikuwa umechomoka kwa nyuma, nikauchomeka ili anipishe niweke boksi chini. Watu wakapiga makofi. Makofi, wakuu! Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina.

Binti Kodi: Nimecheka mpaka jirani yangu kavua hedifoni kuangalia kama nimezimia.

Kichwa Kigumu: Mleta mada acha kulia lia. Wahandisi kumi na wanne wameshindwa kuona waya tangu Ijumaa, wewe umeuona na boksi mkononi. Kaandike kwenye tathmini ya mwaka.

Boksi Mkononi: Kwa hiyo nijivunie? Mtu kasahau sura aliyoitazama kwa masaa matatu, mimi nijivunie waya?

Data Kwanza: Hili lina maelezo. Mwaka 2018 Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walitoa utafiti juu ya kampuni mbili zilizobomoa kuta za ofisi. Wafanyakazi walivalishwa vifaa vidogo vya kurekodi nani anazungumza na nani. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa asilimia 70 hivi, barua pepe na ujumbe ndivyo vikaongezeka. Ukiondoa kuta, watu wanajijengea za kwao kwa hedifoni. Usishangae hakuna aliyeuliza jina.

Boksi Mkononi: Mkuu, mimi nimeleta kidonda, sikuleta utafiti. Na huyu wangu hakupunguza mazungumzo ya ana kwa ana. Alinijia usoni kabisa! Angeniandikia barua pepe ningemshukuru.

Mlinda Lango: Mimi niko kitengo cha usalama. Suala la ruhusa msitulaumu. Wataalamu wa kompyuta Saltzer na Schroeder waliliandika tangu 1975: mtu awe na ruhusa zile tu anazohitaji kwa kazi yake. Ukihama timu, za zamani lazima zifutwe. Watu wanahama timu tano wakiwa na funguo za zote, siku akaunti moja ikidukuliwa kampuni nzima inaenda na maji.

Boksi Mkononi: "Anazohitaji kwa kazi yake." Haya, nipeni basi hizo za kazi yangu! Kufuta mnafuta kwa sekunde, kutoa mnasubiri mtu anayedhani mimi ni fundi!

Mzee wa Seva: Kwa kazi ya skrini huhitaji ruhusa.

Siti ya Mbele: 😂😂😂

Nusu Mwaka: Wewe wa skrini una nafuu. Mimi nilihama katikati ya mwaka. Tathmini ilipofika, bosi wa zamani akasema huyu si wangu tena, bosi mpya akasema huyu bado simjui. Kazi ya miezi saba ikakosa mwenyewe. Nimepewa alama ya mtu aliyekuwa likizo.

Binti Kodi: Hiyo ni kweli kabisa, usihame kabla ya tathmini. Ila ngoja niwape langu. Wiki ya kwanza kwenye timu mpya nikataka kuonyesha juhudi, nikapanga upya nafasi na mistari kwenye mafaili yote ya kodi za programu. Sikubadilisha mantiki hata herufi moja. Sasa kila mtu akiiuliza Git, ule mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya kodi, nani aligusa mstari huu mara ya mwisho, ni mimi. Kosa la mwaka 2016, sijaajiriwa hata shule sijamaliza, wananiita mimi. Juzi wameniamsha saa tisa usiku.

Mzee wa Seva: Kuna njia. Weka namba ya badiliko lako kwenye faili la mabadiliko ya kupuuzwa, halafu iambie `git blame`, amri inayomtaja aliyegusa mstari, ilisome kwa `--ignore-revs-file`. Itaruka badiliko lako na kumtaja aliyeandika kweli.

Binti Kodi: MWAKA MZIMA NIMETESEKA. Mkuu ubarikiwe.

Boksi Mkononi: Jamani turudi kwenye mada. Tiketi yangu ya kuomba ruhusa imejibiwa sasa hivi. Ameifunga. Kaandika "Imetatuliwa, inawaka vizuri, ahsante." INAWAKA VIZURI! Nimesaini mkataba wa uhandisi, wakuu!

Nusu Mwaka: Angalau wewe una meza yako. Huku kwetu meza zinagombewa kwa programu ya simu kila asubuhi. Ukichelewa dakika mbili unakaa na laptopu kwenye korido, na taa inajizima kwa sababu haijaona mtu akitembea. Unapunga mkono unaandika, unapunga mkono unaandika.

Kichwa Kigumu: Taa? Kwetu zinazima chooni.

Data Kwanza: Na nyie huko AC iko ngapi? Upande wetu tunavaa makoti, upande wa pili wa safu hiyo hiyo wanavua mashati.

Kichwa Kigumu: Hakuna anayejua rimoti iko wapi. Tuliambiwa tufungue tiketi.

Boksi Mkononi: Wakuu, haiwaki tangu Ijumaa. Mbele ya watu kumi na wanne.

Mlinda Lango: Binti Kodi, hilo faili la kupuuza mabadiliko unalitunza kwenye mzizi wa hifadhi, yaani folda kuu ya mradi, au kila mtu na lake? Na sisi tunae mtu kama wewe.

Binti Kodi: Nimeliweka kwenye mzizi, limekubali. Mwambie asihame timu kwanza.