Kidoti na majani ya Shangazi: gumzo la kikundi cha ukoo, Unguja

Shangazi, Jumamosi saa 3:12 asubuhi
Assalaam alaykum nyote. Shikamoo Mama, shikamoo Kaka. Naomba ushauri wenu, kwa sababu paka wangu Kidoti amenishinda. Ule mmea utambaao nilioupanda kwenye chungu dirishani, ambao majirani huuita mmea wa pesa, ameutafuna majani yote ya chini, na leo alfajiri nimemkuta chini ya kochi akichuruzika mate kama mtoto anayeota meno. Wiki iliyopita nilimfungia uani siku nzima, lakini alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kuendelea pale pale alipoachia.

Bi Mkubwa, saa 3:15
Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Chovya pamba kwenye mafuta ya karafuu, upanguse majani yote. Paka hapendi harufu ile, hatasogea tena.

Ami, saa 3:17
Marahaba. Mimi ningemwaga pilipili ya unga juu ya udongo na kumaliza shauri. Ila nakushangaa, dada yangu: umefuga msitu ndani ya nyumba, kisha unamlaumu mnyama kwa kuingia msituni.

Daktari, saa 3:24
Shikamooni wazee wangu. Bibi, kwa heshima zote, namwomba Shangazi asiyatumie mafuta ya karafuu, kwa sababu ini la paka haliwezi kuvunja vitu vilivyomo ndani yake kama ini la binadamu linavyoweza, na paka hujilamba kutwa, kwa hiyo chochote kinachogusa ukucha wake huishia tumboni. Pilipili nayo, Ami, ataifikisha machoni mwenyewe anaponawa uso. Dawa ya nondo naitaja mapema kabla hajatokea wa kuipendekeza: hiyo ni sumu kabisa.

Ama hayo mate, sababu yake inajulikana. Majani ya mmea wa pesa yana fuwele nyembamba kama sindano, na paka anapoyatafuna humchoma ulimi na ufizi. Mpanguse mdomo kwa kitambaa chenye maji safi, kisha mpe supu ya samaki kidogo, isiyo na chumvi wala kitunguu, kwa kuwa kitunguu pia kinamdhuru. Akiwa anakula kufikia jioni, usiwe na wasiwasi. Akivimba mdomo au akipumua kwa shida, umpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja kesho. Je, ndani mna mimea gani mingine?

Shangazi, saa 3:31
Upo mshubiri kwenye kopo la maziwa, upo mrehani mlangoni pa uani, na upo ule wa majani membamba yenye mistari myeupe unaoning'iniza watoto wake. Ukumbini yapo maua waliyoleta wakwe jana kwenye posa, mayungiyungi meupe makubwa, yale yaitwayo lily kwa Kiingereza, si ya majini, ambayo yameijaza nyumba nzima harufu.

Daktari, saa 3:32
Shangazi, nakuomba uache unachokifanya uende ukumbini sasa hivi. Yungiyungi kwa paka ni mauti. Jani lake, ua lake, chavua yake, hata maji ya kwenye chombo, vyote huua figo. Tena humhadaa mwenye paka, kwa sababu mnyama hutapika kidogo, akaonekana amepata nafuu, kumbe ndani ya siku moja hadi tatu figo zimesimama. Mtazame puani, kifuani na kwenye miguu ya mbele kama ana unga wa rangi ya chungwa au kahawia. Ukiuona hata punje, usingoje dalili yoyote: mpeleke akatibiwe.

Shangazi, saa 3:46
Nimemtazama kwa tochi ya simu, unywele kwa unywele, naye amenikwaruza mkono, lakini sikuona unga wowote. Mungu ameniokoa kwa kuwa wageni walilala ukumbini na mlango ulifungwa tangu jana usiku. Maua nimempa jirani asiyefuga paka, maji nimeyamwaga chooni, na meza nimeipangusa mara mbili.

Dada wa Muscat, saa 3:50
Poleni sana. Wakwe wakiuliza maua yao yako wapi, tutajibu nini?

Ami, saa 3:51
Tutawajibu kwamba safari ijayo walete halua.

Daktari, saa 3:58
Sasa tumalizie yaliyobaki. Mshubiri utamharisha na kumtapisha, kwa hiyo uhamishie mahali asipofika. Mrehani na ule wa mistari havina madhara, ingawa huo wa mistari paka huupenda mno na utabaki umenyofolewa. Mmea wa pesa usiuweke juu ya rafu ukadhani umeshinda, kwa maana rafu kwa paka ni ngazi. Utundike darini, uikate mikono yake inayoning'inia, au uweke katika chumba ambacho mlango wake hufungwa.

Dada wa Muscat, saa 4:06
Mimi nafuga paka wawili ghorofani, na miezi ya joto hawatoki nje kabisa, kwa hiyo haya yote nimeyapitia. Nilihangaika na maganda ya chungwa, ambayo yalisaidia siku mbili tu mpaka yalipokauka, kisha nikapanga kokoto juu ya udongo, zikazuia kufukua lakini hazikuzuia kutafuna. Kilichonisaidia ni kuwapa majani yao wenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, kule Davis, waliwahi kuwauliza wenye paka zaidi ya 1,000, wakaona kwamba paka wengi hula majani na karibu wote huyala wakiwa wazima. Ni tabia ya asili, Shangazi, wala Kidoti hakukusudii ubaya.

Ami, saa 4:09
Kama ni majani tu, mtama ninao nusu gunia. Nitaleta leo.

Daktari, saa 4:11
Mtama hapana, Ami. Majani yake machanga yana sumu ya sianidi, na wafugaji wa ng'ombe wanaijua vyema. Ngano au shayiri ndizo salama.

Shangazi, saa 4:13
Ngano ninayo, imebaki ya bokoboko la Idi.

Bi Mkubwa, saa 4:15
Hiyo imeshatwangwa, mwanangu, haioti hata ukiisomea dua. Nenda Darajani ukatafute ngano yenye ganda lake, uiloweke usiku mmoja, kisha uimwage juu ya udongo kwenye beseni la zamani lenye matundu.

Shangazi, Jumatatu ya wiki ya pili, saa 1:20 asubuhi
Nawapa habari. Ngano iliota siku ya nne, na sasa imefika urefu wa kidole. Mmea wa pesa nimeutundika darini na umeanza kutoa jani jipya. Kidoti alikula majani ya beseni jana asubuhi, akayatapika juu ya zulia la wageni, akarudi kula tena kama kwamba hakuna lililotokea. Leo nimemkuta amejikunja katikati ya beseni, amelala fofofo, na ngano yote imelala chini yake.

Bi Mkubwa, saa 1:24
Loweka nyingine, mwanangu. Hilo limekwishakuwa kitanda.