"Nunua kadi kubwa" ndiyo jibu la mtu aliyeshindwa kufunga dirisha?!

Mnamjua, mtunzi wa programu ile ya OpenGL (njia ya kuiamuru kadi ya michoro ichore), sina haja ya kumtaja. Kaulizwa kwa adabu mbele ya kundi zima: kwa nini dirisha la ramani likifungwa, dirisha kuu linageuka jeusi? Akajibu, "Nunua kadi kubwa." Kadi kubwa! Hata utie kadi yenye kumbukumbu ya kuijaza bahari yote ya Unguja mpaka Pemba, programu ile itaimaliza kabla ya adhuhuri.

Madirisha yake yanagawana teksicha (picha zinazokaa kwenye kadi) na bafa (mafungu ya data). Ukiua moja, teksicha zake hazitoki maadamu jingine li hai. Teksicha ya 4096 kwa 4096, baiti 4 kila pikseli, ni MB 64. Fungua na ufunge mara 10, MB 640 zimekwenda. Lakini VAO (maelezo ya jinsi ya kusoma data ya umbo) na FBO (pahala pa kuchorea pasipo skrini) hazigawanwi! Kila konteksti (hali ya OpenGL ya dirisha moja) ina VAO namba 1 yake. Yeye anaita glDeleteVertexArrays huku konteksti iliyoshikwa ni ya dirisha kuu, basi anafuta VAO ya dirisha kuu. Jeusi! Halafu kadi kubwa!

Shika konteksti ya dirisha linalofungwa kwa glfwMakeContextCurrent, futa VAO na FBO, futa teksicha zisizotumiwa kwengine, ndipo glfwDestroyWindow, kisha shika konteksti ya dirisha lililobaki. Ukifungua tena, unda VAO upya. Kadi kubwa ya nini?

kijana_wa_Wete: Yakhe, huyohuyo! Vitu vyake vya globali (vinavyoishi programu nzima) vinajifuta baada ya main, kazi kuu ya programu, kwisha, konteksti imeshakufa zamani. Programu inaanguka kila ikitoka.

Bi_Shughuli: Na wewe povu lote hilo, glGetError (ya kuuliza kosa) hukuita hata mara moja? Kuchora bila VAO kwenye core (OpenGL iliyoondolewa mambo ya zamani) kunatoa GL_INVALID_OPERATION papo hapo.

mwenye uzi: Nimeita! Nikaambiwa kadi kubwa!

Ngalawa: Njooni Vulkan, mdogo wake OpenGL, mlie vizuri. Wetu hasubiri vkDeviceWaitIdle, anabomoa swapchain (foleni ya picha za kwenda kwenye skrini) kadi bado inachora.

kijana_wa_Wete: Wa WebGL (michoro ya kadi ndani ya kivinjari) kwetu anaunda kanvasi mpya kila ukurasa. Chrome ikipita konteksti 16 inaiua ya zamani kabisa.

MtuWaDarajani: Hizo za kwenu afadhali. Laptopu zinazouzwa huku zina kadi ya ndani, inachota RAM ya mashine. Teksicha zikivuja, inaganda mashine nzima, na muuzaji anasema ni virusi.

Bi_Shughuli: Virusi! Kwangu walisema vumbi.