Hivi hili jibu la limits.conf mtaliacha lini?

Wakuu, inachosha sasa. Mtu analeta "Too many open files" (faili zilizofunguliwa zimezidi kikomo) ya nginx, ile programu ya seva ya wavuti, dakika mbili haziishi ameshapewa dawa ileile: fungua /etc/security/limits.conf, weka nofile (kikomo cha faili zilizofunguliwa) 65535, washa seva upya. Anafanya. Kosa liko palepale. Mwingine anaibuka: ongeza sifuri!

Faili hilo linasomwa na pam_limits, yaani pale mtu anapoingia kwa ssh au su. Huduma iliyowashwa na systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, haipiti mlango huo. Andika hata milioni, nginx haina habari. Ni systemctl edit nginx, chini ya sehemu ya Service uandike LimitNOFILE=65535, halafu systemctl restart nginx. Restart, si reload, maana prosesi hurithi kikomo inapozaliwa.

Na acheni kupima kwa ulimit -n! Hiyo inakuonyesha kikomo cha shell (dirisha la amri) uliyokaa nayo hapo, basi. Chukua PID (namba ya prosesi) ya worker, yaani prosesi ya nginx inayohudumia wateja, piga cat /proc/PID/limits, tazama mstari wa Max open files. Kuna namba mbili pale: ya kwanza ndiyo inayobana, ya pili ni dari ambalo programu inaruhusiwa kujipandishia. Ya kwanza mara nyingi ni 1024, na si uzembe wa mtu: programu za zamani zinazotumia select(), njia ya kale ya kusubiri soketi (miunganisho ya mtandao, nayo huhesabiwa kama faili), huharibika zikipewa soketi yenye namba kuanzia 1024 kwenda juu. Kisha ls /proc/PID/fd | wc -l ikwambie zimeshatumika ngapi.

Hapo bado worker_connections, idadi ya miunganisho anayoruhusiwa worker mmoja, ambayo hakuna anayeigusa. Ikiwa 1024 na nginx inafanya kazi ya proksi, kila mteja anakula mbili, moja ya kwake na moja ya kwenda kwenye programu iliyo nyuma. Kwa hiyo worker mmoja anabeba wateja kama 512 tu, hata ungefungua kikomo cha faili mpaka mbinguni.

Wa kupandisha somaxconn, kikomo cha keneli (kiini cha Linux) cha foleni ya miunganisho inayosubiri kupokelewa, nao wamo. Tangu Linux 5.4 ni 4096 (zamani 128), lakini nginx yenyewe inaomba foleni ya 511 na keneli huchukua iliyo ndogo. Piga ss -ltn, kwenye mstari wa LISTEN safu ya Send-Q utaikuta hiyo 511 inakukodolea macho. Bila kuandika backlog (urefu wa foleni) kwenye mstari wa listen wa nginx, umebadilisha namba ya bure.

Ila anayestahili kufungiwa ni anayebandika tcp_tw_recycle, mpangilio wa keneli wa kuondoa haraka miunganisho iliyokwisha, mpaka leo. Iliondolewa kwenye keneli 4.12, mwaka 2017! Na ilipokuwepo ilikuwa inawakata watu wa NAT, yaani hao hao wateja wenu wa mitandao ya simu wanaotoka kwa IP moja.

Halafu kabla hujapandisha chochote, ss -Htn state close-wait | wc -l. Rudia baada ya dakika kumi. Namba ikizidi kupanda bila kushuka, programu yako haifungi soketi upande mwingine unapokata. Hapo 65535 itakusogezea tu saa ya kuanguka, kutoka mchana hadi saa nane usiku.